Kuonana na mtaalamu wa lishe ukiwa bado kazini: mwongozo kwa wafanyakazi wa Nakuru, Kisumu na magharibi

Anayefungasha maua Naivasha, anayekata miwa Muhoroni, anayechuma chai Nandi na anayebeba abiria Kondele hufika kliniki ya lishe kwa sababu zinazokaribiana: presha imepanda, sukari imeonekana, damu imepungua, mwili umekonda ghafla au umenenepa mpaka magoti yanalalamika. Wote huondoka na karatasi. Karatasi inamwambia ale saa moja asubuhi, saa nne, saa saba, saa kumi na saa moja jioni, apunguze mafuta, aongeze matunda. Baada ya wiki mbili karatasi imeshawashia jiko. Shida huanzia chumbani, kwa sababu mtaalamu hakuambiwa kwamba aliyeketi mbele yake huingia kazini saa kumi na mbili jioni, hula kibandani kwa deni, na hupokea mshahara tarehe tano. Hatua zinazofuata ni za kumfikishia habari hizo, na za kuutumia ushauri utakaopewa.

Hatua ya 1: Pima kwanza mtaani

Septemba 2023 serikali ilianza kuwapa wahudumu wa afya ya jamii, wale wanaotembea nyumba kwa nyumba, mikoba yenye kipima presha, kipima sukari na mizani. Wako kama laki moja nchini nzima, na mzee wa mtaa anamjua wa kwenu. Mtumie. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima Kenya hawakuwa wamepimwa presha hata mara moja maishani.

Namba za kukumbuka ni chache. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi inataka kurudiwa siku nyingine kabla ya mtu yeyote kukupa jina la ugonjwa. Sukari iliyopimwa hujala tangu usiku ikifika 7.0, au iliyopimwa wakati wowote ikifika 11.1, nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Damu chini ya 12 kwa mwanamke, 13 kwa mwanamume au 11 kwa mjamzito ni upungufu. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na wanaoishi juu hivyo hutazamiwa kuwa na damu nyingi kidogo kuliko watu wa pwani. Kwa hiyo mkaazi wa Nakuru mwenye 12 kamili asijisifu mapema.

Uzito una hesabu yake: gawanya kilo zako kwa urefu wako kwa mita, kisha ugawanye tena kwa urefu huo huo. Mwenye kilo 82 na urefu wa mita 1.65 anapata 30.1, na kuanzia 30 huitwa unene uliopindukia. Kati ya 18.5 na 24.9 ni salama, na chini ya hapo mwili umekonda mno. Usiye na mizani chukua kamba, ikate iwe sawa na urefu wako, ikunje katikati iwe nusu, izungushe kiunoni. Ncha zisipokutana, tumbo limeshapita kiwango.

Zipo hali ambazo si za foleni ya lishe hata kidogo. Presha ya 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua au kichwa kikali, mkono uliolegea ghafla, kuchanganyikiwa, kutapika mfululizo kwa mwenye kisukari: hizo ni za chumba cha dharura, leo, kwa boda au kwa gari la jirani.

Hatua ya 2: Chagua mlango sahihi

Watu wengi hukimbilia moja kwa moja hospitali kubwa. Kisumu ni Jaramogi, ambayo wenyeji bado wanaiita Russia. Nakuru ni ile ya rufaa ambayo wazee hawajaacha kuiita PGH. Kakamega wanayo yao. Huko utakutana na wataalamu wengi, na pia foleni itakayokula siku yako ya mapumziko yote. Kwa uzito, presha iliyotulia au upungufu wa kawaida wa damu, kituo cha afya au hospitali ya kaunti ndogo kinatosha kuanzia. Rufaa wakiona inahitajika watakuandikia wenyewe.

Omba waziwazi: “Daktari, naomba niandikie nionane na mtu wa lishe.” Usipoomba, huenda ukapewa dawa na sentensi moja kuhusu chumvi. Katika vituo vingi vidogo ofisi ya lishe iko upande wa kliniki ya mama na mtoto, basi mwanamume asishangae akielekezwa kwenye benchi la akina mama. Keti.

Anayejiita mtaalamu wa lishe nchini Kenya anatakiwa awe amesajiliwa na taasisi ya KNDI, iliyoundwa kwa sheria ya 2007, na una haki ya kuuliza leseni yake. Nasisitiza hili kwa sababu stendi na makanisa yamejaa watu wenye mashine ya kushika mkononi inayosoma magonjwa yote ya mwili, halafu dawa yake inauzwa hapo hapo kwa bei ya kodi ya nyumba. Anayekupima na kukuuzia poda kwenye meza moja, mwachie poda yake.

Hatua ya 3: Malipo na ruhusa

Oktoba 2024 SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara mzima. Asiye na payslipu hupangiwa kiwango kulingana na hali yake ya maisha, na hakishuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Usajili hufanyika kwa kubonyeza *147#. Kwenye zahanati na vituo vya afya huduma za msingi hulipiwa na hazina ya serikali, na wewe unatakiwa uwe umesajiliwa. Hospitali kubwa zina hesabu nyingine: uliza dirishani, kabla hujatolewa damu, kipimo kipi kimelipiwa na kipi kitatoka mfukoni mwako. Kibarua wa msimu ahakikishe pia kwamba anachokatwa kweli kinafika.

Ruhusa ina utata wake. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo angalau siku saba za ugonjwa zenye mshahara kamili kwa mwaka, na saba zaidi kwa nusu mshahara, ila kwa cheti cha daktari kwamba hawezi kazi. Miadi ya lishe mara nyingi haikufanyi ushindwe kufanya kazi, na daktari mwaminifu hatakuandikia hivyo. Mimi naona ni bora kuzungumza na supavaiza mapema: onyesha kadi yenye tarehe, badilishana shifti na mwenzako, au omba kliniki ikupangie siku yako ya mapumziko. Kliniki nyingi zinakubali kubadilisha tarehe ukisema siku ile ile inapoandikwa. Ukingoja wiki mbili uanze kupiga simu, hutampata mtu.

Hatua ya 4: Andika siku tatu za kula kwako

Hii ndiyo kazi kubwa, na ukiruka zote usiruke hii.

Chagua siku tatu zisizofanana: moja ya wiki ya mshahara, moja ya mwisho wa mwezi mfuko umekauka, na moja ya mapumziko. Mwenye shifti za kupokezana aongeze siku ya usiku. Andika kwenye kidaftari au kwenye simu kila kilichoingia mdomoni, saa yake, wapi, na kiasi kwa vipimo vya nyumbani: sahani ya ugali, kijiko cha kupakulia, kikombe kikubwa, mandazi mawili. Ukishindwa kuandika, piga picha sahani kabla ya kula.

Watu husahau vitu vile vile. Sukari ya chai: vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja, ni vijiko kumi na viwili, na Shirika la Afya Duniani linasema mtu angefaidika akibaki karibu na sita kwa siku. Soda ya nusu lita iliyonywewa juani na mkate ina sukari karibu gramu 50, vijiko kumi na zaidi. Smokie pasua ya njiani. Njugu za mfukoni. Pombe ya Jumamosi, busaa ikiwemo. Ugali uliomaliziwa kwenye sahani ya mtoto. Mafuta yaliyoongezwa mboga ilipopashwa moto usiku. Na chumvi ya mezani, hasa kwa wanaolala kwenye kambi za kampuni na kula mess.

Magharibi kuna jambo ambalo mtaalamu mgeni huenda asilijue. Mrenda na kunde huchemshwa na magadi, na nyumba nyingine hutumia munyu wa majivu. Magadi yana sodiamu kama chumvi. Mtu atakuapia kwamba ameacha chumvi, na kila jioni anakula mrenda uliolainishwa kwa magadi. Liandike.

Andika pia ambacho hukula. Wachuma chai na wakata miwa wengi huanza kazi na chai ya strungi tu, wakala mlo wa kwanza wa maana saa nane mchana, halafu mlima wa ugali saa tatu usiku. Ukimwambia mtaalamu “nakula mara mbili”, hataona hilo. Ukimwonyesha saa zake ataliona mara moja.

Mwisho wa ukurasa andika mambo matatu: ni nani anayepika nyumbani, una kiasi gani cha chakula kwa siku katika wiki mbaya, na kazini kuna nini (jiko, maji safi, mahali pa kupashia moto, mapumziko ya dakika ngapi). Ushauri wa “beba chakula kutoka nyumbani” haumfai anayelala chumba kimoja na wenzake watatu wasio na jiko.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Kama umeambiwa sukari itapimwa kabla ya kula, kaa bila chakula kwa muda wa saa nane, maji yanaruhusiwa. Aliyetoka shifti ya usiku na kula saa kumi alfajiri hajafunga, hata kama hajapata kifungua kinywa. Aseme hivyo kwa mtu wa maabara, la sivyo atapewa kisukari asicho nacho. Dawa ya presha kwa kawaida humezwa kama siku zote. Ya sukari hungoja ushatolewa damu na chakula kiko mbele yako. Thibitisha na waliokupa dawa, maana wengine huwa na maagizo yao.

Kabla ya kupimwa presha usinywe kahawa wala chai wala kuvuta sigara nusu saa, na keti kimya dakika tano. Aliyepanda ngazi mbio akifikiria supavaiza atapata namba ya mbio.

Beba dawa zote unazotumia, pamoja na za kienyeji na za kuongeza nguvu, katika mfuko mmoja. Usione aibu. Mwenye figo dhaifu huhitaji kupunguza baadhi ya mboga na ndizi, vitu ambavyo wengine wote wanaambiwa waongeze, na anayemeza dawa ya kuzuia damu kuganda aina ya warfarini anatakiwa ale mboga za majani kwa kiasi kisichopandapanda na kushuka. Karatasi ya jirani haikufai.

Hatua ya 6: Ndani ya chumba

Toa kidaftari kabla hujaulizwa. Mtaalamu atakupima, kisha atakuuliza umekula nini tangu jana asubuhi. Usimpe ya Jumapili ya Pasaka. Akianza kutaja vyakula usivyomudu, mkatize kwa adabu: “Dada, samaki wa kila siku siwezi. Omena naweza.” Mtaalamu mzuri atafurahi. Omena huliwa mzima pamoja na mifupa, kwa hiyo hukupa protini na chokaa ya mifupa kwa bei ya chini. Hasara huja inapozamishwa kwenye mafuta. Ikaange kavu, iongeze nyanya na kitunguu.

Mwombe orodha mbili, moja ya wiki ya mshahara na nyingine ya wiki za kufunga mkanda. Naona ombi hili linaleta tofauti kuliko mengine yote, na ni wachache wanaolitoa. Ya pili itakuwa na ndengu, maharagwe, kunde, omena, managu, saga, sukuma, viazi vitamu na ndizi, na jioni soko la Kibuye au la Wakulima huuza mboga kwa bei ya kufungia.

Mwenye upungufu wa damu aulize sababu kabla ya chakula. Ukanda wa ziwa una malaria, minyoo na selimundu, na mwanamke anaweza kuwa anapoteza damu nyingi ya hedhi. Hakuna mboga itakayoziba tundu ambalo halijapatikana. Juisi ya bitiruti inasifiwa sana mitaani lakini ina madini ya chuma machache. Ini, omena, maharagwe na terere vinaishinda. Kula na chungwa au nyanya mbichi, na chai ingoje saa moja baada ya mlo, kwa kuwa chai huzuia chuma kuingia mwilini.

Anayetumia ARV au dawa za kifua kikuu aonane na mtu wa lishe wa kliniki ile ile anakochukulia dawa. Akiwa amekonda chini ya 18.5 kwa hesabu ya Hatua ya 1 aulize kama anastahili unga maalumu wa lishe unaotolewa kwa maagizo. Wengine walio kwenye dolutegravir, mojawapo ya ARV, huongezeka uzito, na hilo pia linasemwa, ila dawa haiachwi kwa sababu yake.

Toka ukiwa na mambo mawili au matatu tu ya kubadilisha mpaka miadi ijayo. Ukipewa kumi, uliza lipi ni la kwanza.

Hatua ya 7: Kibandani na kantini

Mkono wako ni kipimo usichoweza kusahau nyumbani. Kwa mtu mzima wa kazi ya kawaida, ugali uwe wa ngumi mbili, nyama au samaki au maharagwe ya kujaza kiganja, na mboga ya majani viganja viwili. Mkata miwa na mbeba magunia wanaruhusiwa zaidi. Anayeketi getini usiku kucha, hapana, na yeye ndiye mara nyingi hupakuliwa sawa na mkata miwa.

Mama wa kibanda ni mshirika wako, hasa ukiwa mteja wa kila siku. Mwambie mapema, kabla hajapakua: “Mama, leo nikatie ugali nusu, uniongezee sukuma na maharagwe. Mchuzi wa juu usinimwagie.” Wateja watano wakisema hivyo wiki nzima, sufuria hubadilika. Chai wakati mwingine hupikwa na sukari ndani, basi agiza yako kabla. Kiungo cha vipande na poda kina chumvi nyingi. Mlo wa nyumbani ukiwa na kiungo hicho, chumvi nyingine isiongezwe. Kiwango cha siku nzima ni kijiko kimoja cha chai.

Kuhusu unga, watu hubishana bila sababu. Wa paketi unatakiwa kisheria tangu 2012 uwe umeongezwa vitamini na madini. Wa kusaga posho mill bila kukoboa una makapi na kiini cha mahindi. Kila mmoja una nafasi yake, na kuchanganya na wimbi au mtama ni bora zaidi. Kinachokuumiza ni ukubwa wa mlima.

Maji ya kunywa kazini ni wajibu wa mwajiri chini ya sheria ya usalama kazini ya 2007. Yasipokuwapo, watu hunywa soda, hasa kwenye joto la Kisumu. Peleka suala hilo kwa mwakilishi wa chama, pamoja na la kantini inayopika ugali na kabeji siku sita kwa wiki. Mtu mmoja akilalamika kwa mpishi huonekana mchoyo.

Hatua ya 8: Shifti ya usiku na dawa za sukari

Someni hapa polepole, enyi mabawabu, madereva na watu wa viwandani. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi kisha akakosa mlo anaweza kushuka sukari chini ya 4. Dalili ni kutetemeka, jasho la baridi, njaa kali, moyo kwenda mbio, kisha maneno kuchanganyika. Mwendesha boda katika hali hiyo huonekana mlevi.

Koroga vijiko vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, au kunywa nusu glasi ya soda ya kawaida, ngoja dakika kumi na tano, rudia kama bado, kisha kula chakula cha kweli. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali. Mweleze mwenzako mmoja wa shifti habari hizi, na umwambie sukari unaiweka wapi.

Saa za dawa zipangwe upya na daktari kila unapohama kutoka mchana kwenda usiku. Usijipangie. Mlo mkubwa ule kabla ya kuingia, katikati ya usiku kitu kidogo kama yai la kuchemsha na kiazi kitamu, na kabla ya kulala asubuhi kitu chepesi, ili usilale na njaa wala na tumbo la kupasuka.

Hatua ya 9: Kurudi

Miadi ya pili iwe ndani ya mwezi. Jipime kwenye mizani ile ile, ukiwa na nguo nyepesi, buti za kazi zimevuliwa. Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki kunatosha, na ukipungua haraka zaidi bila kujaribu, sema, kwa sababu hiyo huenda ikawa sukari, kifua kikuu au jambo jingine linalotaka vipimo. Kisipobadilika kitu, rudi hivyo hivyo na kidaftari. Wanaoogopa kugombezwa hukaa nyumbani mpaka warudi kwa machela.

Mkataba ukiisha na unahamia Kericho au unarudi nyumbani Busia, pitia kliniki kabla ya kusafiri, omba barua ya rufaa yenye namba zako za mwisho na dawa zako, chukua dawa za mwezi mzima kama zipo, na upige picha kila ukurasa wa kitabu cha kliniki. Kule uendako, onyesha barua kwenye kituo cha afya kilicho karibu kabla dawa hazijaisha.